Kanda za Kaka Yangu

Wapo jamaa walioniuliza, baadhi kwa mzaha na baadhi kwa dhati, kwa nini wamenikuta barazani zaidi ya mara moja nimeshika kile kidude cha vijana cha kuchezea gemu. Nitawajibu hapa, kwa kuwa jibu lake ni refu na baraza haina subira.

Kaka yangu mkubwa, Mungu amrehemu, alifanya kazi Kuwait katika miaka ya 1980. Wenzake walikuwa wakirudi likizoni na redio kubwa, mablanketi na manukato. Yeye alirudi na kompyuta. Ilikuwa ni kompyuta ya Sakhr, neno ambalo kwa Kiarabu ni mwamba, iliyotolewa na kampuni ya Al-Alamiah ya huko huko Kuwait. Kampuni hiyo aliiasisi Mohammed Al-Sharekh mwaka 1982. Yeye alikuwa msomi wa uchumi, wala hakuwa mhandisi. Lakini aliona jambo ambalo wahandisi wengi wa wakati ule walilipita. Aliona kwamba mtoto wa Kiarabu akiikuta kompyuta isiyojua lugha yake, ataamini kuwa elimu hiyo ni ya watu wengine.

Kazi ile haikuwa nyepesi. Herufi ya Kiarabu ina umbo moja mwanzoni mwa neno, jingine katikati na jingine mwishoni, na maandishi huanzia kulia. Mashine iliyoundwa kuandika herufi za Kilatini, zilizosimama moja moja kama nguzo, haina habari ya mambo hayo. Al-Sharekh hakuanza kuunda mashine mpya. Alichukua kanuni iliyoitwa MSX, iliyotangazwa mwaka 1983 na kampuni ya Microsoft pamoja na ASCII ya Japani ili kompyuta za viwanda mbalimbali zielewane, na ndani yake akatia Kiarabu. Kampuni yake ndiyo iliyotoa pia programu za mwanzo za Qur'ani za kompyuta. Mwaka 2021 alitunukiwa Tuzo ya Mfalme Faisal kwa kuutumikia Uislamu, na mwaka 2024 akafariki dunia. Hapa pwani sikusikia akitajwa, na hilo lilinisikitisha.

Mashine ya kaka ilikuwa ya aina ya AX-170. Kumbukumbu yake ni kilobaiti 64, yaani picha moja ya simu ya leo haiwezi kuingia humo hata robo yake. Haikuwa na skrini, bali iliungwa kwenye televisheni. Wala haikuwa na diski, bali iliungwa kwenye redio ya kanda. Kila ulichokiandika kiligeuzwa kuwa sauti na kurekodiwa kwenye kanda ya kawaida, ile ile ya kusikilizia taarabu.

Kaka alikuja likizoni mwezi Julai 1990. Tarehe 2 Agosti majeshi ya Iraki yakaingia Kuwait. Kazi, chumba, akiba na vitabu vyake vikabaki kule, na mkononi akabakiwa na mashine ile na kanda tano. Hakurudi tena. Alifungua duka dogo la vifaa vya umeme, na usiku, baada ya isha, aliendelea kuandika programu aliyoianza ughaibuni: programu ya mirathi. Lengo lake lilikuwa mtu aulizwe maswali kwa Kiswahili, nani kaachwa hai na marehemu, kisha ajibiwe fungu la kila mmoja pamoja na sababu yake. Aliona nyumba nyingi zikivunjika kwa sababu wajane na mabinti hawakujua kilicho chao, na anayejua hakuwaambia.

Alifariki mwaka 2011. Mashine ilikuwa imekufa zamani kwa chumvi ya bahari. Mwaka jana warithi walipoamua kuhama nyumba ile, vitu vikawekwa mafungu mawili, cha kuchukua na cha kutupa, na kanda zikawa kwenye fungu la pili. Aliyezinyanyua ni mwanawe mdogo. Akaniletea akasema, "Ami, hizi ndizo zile za usiku?" Nikamwambia ndizo.

Huyo kijana ndiye mwenye kile kidude. Ni kifaa cha mkononi chenye skrini ya kiasi cha kiganja na vitufe pande mbili, na ndani yake mna mfumo wa Linux, kwa hiyo ni kompyuta kamili iliyovaa nguo za gemu. Akanieleza habari ya emyuleta. Emyuleta ni programu inayoiga kompyuta nyingine nzima nzima: ubongo wake, kumbukumbu yake, picha na sauti zake, hata mwendo wake wa polepole. Ubongo wa Sakhr ni chipu iitwayo Z80, inayopiga mapigo milioni tatu na nusu kwa sekunde. Kidude cha leo kinaweza kuigiza mwendo huo bila kutoa jasho. Tukachagua iitwayo openMSX, ambayo hutolewa bure na watungaji wake na inaitambua AX-170 kwa jina.

Hapo ndipo tulipokwama, na tulikwama kwa jambo la fikihi kabla ya jambo la ufundi. Emyuleta huiga viungo vya mashine, lakini haiji na kilichoandikwa ndani ya chipu zake, yale maagizo ya asili yanayoifanya izinduke na kusoma Kiarabu. Yale ni kazi ya watu na yana mwenyewe. Kijana aliyapata kwenye intaneti kwa dakika moja. Alisema, na hoja yake ina uzito, kwamba mashine hizi haziuzwi tena tangu kabla hajazaliwa; nani atakayepungukiwa? Nikamkumbusha kwamba mali iliyosahauliwa si mali isiyo na mwenyewe. Baraza la Kimataifa la Fikihi ya Kiislamu lilikutana Kuwait, mji ule ule, mwaka 1988, likaamua kwamba haki za utunzi na uvumbuzi ni haki zinazolindwa na sharia, na haijuzu kuzivamia. Upo mbadala wa bure uitwao C-BIOS, ila huo hauna lugha ya BASIC, ambayo ndiyo kaka aliyoandikia, wala hauna Kiarabu cha Sakhr.

Njia iliyotupa utulivu ilikuwa moja. Mashine tunayo, imenunuliwa kwa pesa halali, na warithi wote wameridhia. Mashine iliyokufa si lazima chipu zake nazo ziwe zimekufa. Fundi mmoja wa simu, kijana mwenye mkono mwepesi kuliko niliowahi kuona, akazibandua chipu moja moja kwenye kibao kilicholiwa na kutu, akazisoma kwa kifaa chake, akatuandikia kilichomo kwenye kadi ya kumbukumbu. Wapo wanaosema kwamba huko ni kujitaabisha, kwa kuwa tulichokitoa ni kile kile kilichoko mtandaoni. Ni kweli kwamba ni kile kile. Lakini maji ya kisima changu na maji ya kisima cha jirani nayo ni yale yale.

Jambo lililonifurahisha kama mwanafunzi wa chuo ni namna openMSX inavyokagua nakala. Haitazami jina la faili. Hulipigia hesabu faili zima mpaka litoe alama ya tarakimu na herufi arobaini, kisha huilinganisha na alama ya nakala inayojulikana kuwa sahihi. Ikibadilika nukta moja, alama yote hubadilika. Masheikh wetu walitukalisha chini tukalinganisha nakala zetu na asili neno kwa neno kabla ya kuruhusiwa kusoma mbele ya watu. Nakala za chipu zetu zililingana.

Kisha zikaja kanda, na hapa palikuwa pagumu zaidi. Katika kanda ya MSX, sifuri ni wimbi moja refu na moja ni mawimbi mawili mafupi, na huja kwa kiasi cha baiti mia moja kwa sekunde. Ukisikiliza ni mlio wa kukera masikio. Miaka thelathini na tano ya joto na unyevu haiihurumii sumaku. Tulisafisha kichwa cha redio kwa spiriti, tukageuza kijiskurubu chake taratibu mpaka mlio ukawa mkali, ndipo tukarekodi kwenye kompyuta ya mapakato. Tulikubaliana kuicheza kila kanda mara chache iwezekanavyo, kwani unga wa sumaku ulikuwa unabaki kwenye roli.

Msomaji aelewe hatari yake. Kanuni hii ya kanda haina hesabu ya kujikagua. Nukta ikigeuka, mashine haitalalamika. Itasoma namba nyingine na kuendelea. Gemu ikikosea namba, mdoli ataruka juu zaidi. Programu ya mirathi ikikosea namba, mama atanyimwa haki yake kwa ushahidi wa kompyuta. Kaka alikuwa mtu wa tahadhari, alirekodi programu ile ile pande zote mbili za kanda. Tukasoma pande zote mbili, na kijana akazilinganisha. Zilitofautiana mahali pamoja. Upande wa kwanza, kwenye mstari wa fungu la mama akiwapo mtoto wa marehemu, palikuwa na sita. Upande wa pili palikuwa na mbili. Katika namna BASIC ya MSX inavyohifadhi tarakimu, sita na mbili hutofautiana kwa nukta moja tu. Hapo kompyuta haikuwa na la kusema. Aya ya mirathi ndiyo iliyoamua: mama ni sudusi, moja ya sita.

Kuiweka kwenye kidude kulichukua jioni moja, na nitayataja mawili tu. La kwanza ni maandishi. Picha ya MSX ina nukta 256 kwa 192, na skrini ya kidude ni 640 kwa 480. Ukiivuta ijaze skrini, nukta hazigawanyiki sawasawa. Baadhi hunenepa na baadhi hukonda. Kwa gemu si neno. Kwa Kiarabu, nukta ndiyo inayotofautisha baa na taa. Tukaiweka ikue mara mbili kamili, na pembeni pakabaki ukingo mweusi, na herufi zikasimama safi. La pili ni kibodi. Kidude hakina, lakini openMSX huweza kuchora kibodi juu ya skrini, na programu ya kaka huuliza namba tu, kwa hiyo inatosha.

Ikazinduka. Kichwa cha habari kwa Kiarabu, kulia kwenda kushoto, kisha swali: Je, marehemu ameacha mke? Nikaitia mas'ala ambayo kila aliyesoma faraidh anaijua, ya mimbari, iliyonasibishwa na Sayyidna Ali: mke, mabinti wawili, baba na mama. Mafungu yao ni tatu, kumi na sita, nne na nne katika ishirini na nne, yanazidi asili. Asiyejua awli hukwama hapo. Programu ikafikiri kidogo, kwa mwendo wake wa mwaka 1990, ikajibu ishirini na saba, na thumuni ya mke ikawa tusui. Chini yake akaandika sababu kwa mistari mitatu ya Kiswahili kizuri, bila neno la ziada. Nimesomesha mlango huu miaka mingi na sijaueleza kwa ufupi namna ile.

Kijana alipendelea kuugeuza mlio uwe faili fupi la data, ambalo hupakiwa upesi. Mama yake, shemeji yangu, ambaye siku hizi hatoki kitandani, alikataa. Alitaka lile faili refu la sauti, ambalo emyuleta huliicheza kama kanda yenyewe, taratibu, na spika ikatoa kila kilichorekodiwa. Kwa maana kabla ya mlio kuanza, kaka alikuwa akitaja kwa mdomo wake alichokirekodi, ili asichanganye kanda. "Mirathi. Ya nne. Upande wa kwanza." Maneno sita. Faili fupi haliyachukui. Basi tumeweka yote mawili: fupi la darasani, refu la kwa shemeji. Hukipumzisha kidude kifuani na kukisikiliza, na programu ikishapakiwa hana haja nayo.

Darasani naitumia na wanafunzi wakubwa siku ya Alhamisi. Huwataka kwanza wagawe kwa kalamu, ndipo waulize mashine. Na ikitokea tofauti hatuendelei mpaka tujue nani kakosea. Hadi sasa haijakosea yeye. Hata hivyo simgawii mtu mirathi kwa kidude, wala sitaki mtu aje na jibu lake mbele ya kadhi akalifanya hoja. Kaka mwenyewe aliandika hivyo kwenye mstari wa mwanzo.

Kanda nne zimesomeka. Ya tano, ambayo kaka aliiandika juu yake "Zaka ya mifugo", imeota ukungu mweupe na utepe wake umegandana. Tumeifungia kwenye chupa pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu. Fundi amesema hataigusa mpaka mvua za vuli zipite na kaskazi ianze kuvuma.