Chumba Nyuma ya Ukuta

Mwaka 1963, mwenyeji mmoja wa Derinkuyu, nchini Uturuki, alibomoa ukuta wa nyumba yake akakuta chumba asichokijua. Kutoka humo ilishuka njia hadi mji mzima uliochongwa mwambani, kina chake yapata mita 85, wenye mazizi, visima na ghala. Milango yake ilikuwa mawe ya duara, yaliyovingirishwa kutoka ndani adui alipokaribia. Humo wazazi walisalimisha watoto na mifugo.

Wakristo wa Kigiriki walioujua vyema walihamishwa mwaka 1923, Uturuki na Ugiriki zilipobadilishana watu. Miaka 40 ikatosha chumba kile kisahaulike.

Nyumba hurithiwa kwa hati. Habari zake hurithiwa kwa mazungumzo. Wazee na wasimulie, vijana na waulize.