Jiwe la Kusugulia Uso: Niliyoyaona Guangzhou

Mji wa Guangzhou, ambao mabaharia wa Kiarabu wa zamani waliuita Khanfu, umekaa kusini ya Uchina kando ya Mto wa Lulu. Mwislamu auingiaye hawi mgeni kabisa, kwani katika barabara ya Guangta umo msikiti wa Huaisheng, wenye mnara wa mviringo uliokwenda juu kiasi cha mita 36. Wenyeji husimulia kuwa aliyeuasisi ni Sahaba Saad bin Abi Waqqas, Mwenyezi Mungu amwie radhi. Wanazuoni wa tarikhi wana shaka na habari hiyo, lakini hapana shaka kwamba Waislamu wamefanya biashara mjini humo kwa zaidi ya miaka elfu moja. Siku hizi hata watu wa Afrika ya Mashariki waonekana huko, hasa mtaa wa Xiaobei, wakifunga marobota yao. Mmoja wao ni mpwa wangu, naye ndiye aliyenitembeza.

Upande wa magharibi wa msikiti huo, mwendo usiochosha, iko mitaa ya Hualin, iitwayo kwa jina la hekalu la Kibudha lililo hapo. Humo ndimo liuzwamo jiwe ambalo Wachina huliita yu, na sisi twaweza kuliita jedi. Vikuku, pete, vidani, na mawe mabichi yasiyochongwa hupangwa mezani kama tupangavyo sisi maembe. Mkamwana wangu alikuwa ameniagiza nimletee kipande cha kusugulia uso, kwani yeye na wenziwe wameambiwa kuwa kifaa hicho huondoa makunyanzi, huchonga mashavu yakawa membamba, na hufukuza balaa katika nyumba. Maneno makubwa hayo kwa jiwe dogo! Nikaona yafaa niulize kabla sijafungua mfuko.

Vifaa vyenyewe ni vya namna mbili. Cha kwanza ni kigurudumu chenye mpini, ambacho hubiringishwa usoni. Hiki kina nasaba ya kifalme, kwani katika jumba la makumbusho la wafalme, mjini Beijing, vimehifadhiwa vigurudumu kama hivyo vya zama za ufalme wa Qing, uliotawala tangu 1644 hata mapema mwaka 1912. Cha pili ni kipande bapa chenye kingo laini, na kazi yake huitwa gua sha. Gua maana yake ni kukwaruza; sha ni vile vidoa vyekundu, mfano wa mchanga, vitokeavyo kwenye ngozi baada ya kukwaruzwa.

Hapa yapasa nieleze jambo ambalo wengi hawalijui. Gua sha ya asili si pambo la uso. Ni tiba ya watu wa kawaida, ifanywayo mgongoni na shingoni kwa mtu mwenye homa au maumivu, kwa pembe ya nyati wa majini, sarafu, au kijiko cha kaure, nayo huacha alama nyekundu za kutisha. Mwaka 2001 ilitolewa filamu ya Kichina yenye jina hilohilo, ihusuyo familia ya Kichina nchini Marekani: babu alimfanyia mjukuu tiba hiyo, na waliouona mgongo wa mtoto wakadhani kapigwa. Hii ya usoni ni binti mpole wa mama mkali. Haitakiwi kuacha alama hata moja.

Ama jiwe lenyewe, lina daraja. Lililo mashuhuri tangu kale hutoka Hetian, yaani Khotan, katika jimbo la Xinjiang, nchi ya Waislamu wa Kiuyghur, ambako huokotwa katika mito miwili: mmoja jina lake ni Jedi Nyeupe na wa pili Jedi Nyeusi. Jingine, la kijani king'aavyo, hutoka Burma, iitwayo sasa Myanmar. Lakini vifaa vingi vya bei nafuu ni vya jiwe laini zaidi, na vingine ni mawe yaliyotiwa rangi, au kioo kitupu.

Bibi mmoja mwenye meza ndogo alituonyesha tofauti. Alichukua kisu akakwaruza vipande viwili. Kimoja kikapata mchoro, cha pili hakikudhurika. Kisha akacheka, akasema neno refu.

"Mjomba," mpwa wangu akanifasiria, "asema kisu chajua lipi ni lipi, lakini shavu halijui."

Nilimpenda bibi yule kwa neno hilo. Kwani faida iliyopo, nayo ipo, hutoka katika kusugua. Utafiti uliofanywa Japani na kuchapishwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa kubiringisha kigurudumu shavuni kwa dakika 5 huzidisha mwendo wa damu katika ngozi kwa zaidi ya dakika 10. Uso huchangamka, taya iliyokazwa na fikira hulegea. Mama zetu wa pwani, wamsingapo bibi harusi kwa liwa, walijua raha hiyo bila ya jiwe lolote. Lakini mfupa wa shavu haupungui kwa kusuguliwa. Na kulitegemea jiwe lifukuze balaa ni itikadi isiyotufaa, hata likiwa limepakiwa katika sanduku la hariri.

Basi nilinunua kipande kimoja cha bei ndogo, pamoja na maelezo ya bibi yule, ambayo nayaandika kama nilivyoyapokea. Uso uoshwe kwanza, upakwe matone machache ya mafuta, kwani jiwe kavu huvuta ngozi. Kifaa kilazwe karibu sawa na uso, kisisimamishwe kwa ukingo. Kipitishwe polepole toka kidevuni kuelekea sikioni, toka puani kuelekea pembeni, toka nyusi kwenda juu. Shingoni kishuke chini. Mkono uwe mwepesi. Mwenye chunusi zilizoiva, kidonda, au ngozi iliyoungua asiguse mahali hapo, na atumiaye dawa za kuzuia damu isigande amwulize daktari wake kwanza. Kifaa kioshwe kwa sabuni kila kitumikapo, kikaushwe, na kila mtu nyumbani awe na chake.