Afande na Jenerali wa Vifaru

Katika zoezi la tafsiri tulikutana na cheo cha Kijerumani cha Vita Kuu ya Pili, General der Panzertruppe. Wengi darasani waliandika "Jenerali" wakaendelea. Mimi niliona hapo kuna mtego. Majeshi yetu yana ngazi nne za ujenerali: Brigedia Jenerali, Meja Jenerali, Luteni Jenerali na Jenerali. Wajerumani wa wakati ule hawakuwa na Brigedia Jenerali. Walianzia Generalmajor, wakaja kwenye Generalleutnant, na ngazi ya tatu ndiyo iliyotaja kikosi cha mwenye cheo: askari wa miguu, mizinga, au vifaru. Juu yake walikuwapo wawili wengine. Rommel alikuwa General der Panzertruppe mwaka 1941, na mwaka 1942 tayari ni fildimashali. Kwa hiyo mtu huyu analingana na Luteni Jenerali wetu wa nyota tatu. Nikaandika "Jenerali wa Vifaru", na ngazi nikaieleza pembeni.

Neno lenyewe, kifaru, linanifurahisha. Kwetu Ndera tunazungumza Kinyarwanda, na humo igifaru ni kile cha chuma tu. Mnyama anaitwa inkura. Kiswahili kilitufikia kikiwa kimevaa sare.

Afande ni hivyohivyo. Hapa Kigali hata jenerali huitwa afande, tena kwa heshima. Asili yake ni efendi ya Kituruki, iliyopitia Misri na Sudan. Katika jeshi la Wajerumani la Afrika Mashariki, lililotawala hadi Rwanda mpaka 1916, effendi kilikuwa cheo cha juu kabisa ambacho Mwafrika angeweza kupata. Angetumikia miaka mingi namna gani, hapo ndipo dari. Waingereza nao wakakitumia: Idi Amin alipewa mwaka 1959, kabla ya kujivika ufildimashali mwaka 1975. Dari ya zamani imegeuka jina la kumwitia mkubwa yeyote, na sijui neno jingine lililopanda cheo kiasi hicho.

Kiswahili ni lugha rasmi Rwanda tangu 2017, lakini bibi yangu bado hukunja uso akinisikia nikikisoma kwa sauti. Kwake ni lugha ya kambini. Jirani yetu mstaafu wa jeshi akipita, bibi ndiye wa kwanza kumwita afande.