Usiku wa Kuamkia Tarehe Kumi

Wazo la kulala mlimani lilikuwa langu. Ilikuwa Desemba 2021, Tanzania Bara inatimiza miaka 60 ya Uhuru, na sisi wanafunzi sita wa shahada ya uzamili hapa Morogoro tulikuwa tumechoka na kompyuta. Nikasema twende Morningside, kwenye Milima ya Uluguru, tulale kwenye mahema usiku wa tarehe 9. Kwetu ni Moshi, na kwangu mimi Uhuru bila mlima haujakamilika.

Hilo nimelirithi kwa babu. Usiku wa kuamkia Desemba 9, 1961, Luteni Alexander Nyirenda alisimika bendera na Mwenge kwenye kilele cha Kilimanjaro, na mpaka anakufa babu aliapa kwamba aliuona ule mwanga kutoka kihambani kwake. Bibi alikuwa akimcheka: aliona nyota, tena kwa msaada wa mbege.

Tulipanda mchana na mahema mawili ya kuazima, sufuria, mkaa na kilo tatu za nyama ya mbuzi. Akina mama wa Kiluguru walikuwa wakishuka na mizigo ya mboga kichwani kana kwamba wanatembea uwanjani kwao, huku sisi tunahema kila kona. Jioni tukafika kwenye lile jumba la zamani la Wajerumani, na mvua ikafika pamoja nasi. Hema moja likavuja. Tukabanana watu sita kwenye hema la watu wanne mpaka ilipokatika, ndipo tukawasha jiko.

Mwenzetu mmoja alikuwa ametoka Pemba. Tulimwita Mpemba, basi. Jina lake lilibaki kwenye orodha ya mahudhurio. Ndiye aliyechoma nyama usiku ule, kwa kuwa sisi wengine tungeiunguza.

Karibu na saa sita, taa za mji zikiwaka chini yetu, nikasimulia habari za babu na mwanga wake. Wakacheka, kama watu wanavyocheka siku zote. Nikamgeukia mwenzetu.

"Mpemba, hebu na wewe tupe. Babu yako aliusherehekeaje Uhuru?"

Akatazama simu. "Uhuru upi? Wenu mmeshaumaliza. Hii ni saa sita na dakika tatu, tarehe kumi. Wetu ndiyo kwanza unaanza."

Mmoja akacheka, akidhani ni utani. Mimi tarehe ile niliijua. Zanzibar ilipata uhuru kutoka kwa Waingereza Desemba 10, 1963; Mapinduzi yakaja Januari 12, 1964, na Muungano Aprili 26 mwaka huohuo. Kwenye mtihani ningepata alama zote. Sikuwahi kufikiri kwamba yuko mtu anayeishi nayo nyumbani.

Akasimulia huku anageuza nyama. Bibi yake alikuwa ameolewa mwaka ule. Alikuwa akimshonea mumewe kofia ya viua, aivae kwenye sherehe Unguja, lakini siku ya safari ikafika kofia haijaisha. Mume akaondoka na ya zamani, akamwambia hiyo ataifuata. Baada ya sherehe akabaki mjini kutafuta kazi. Januari ikapita, hakurudi. Hakuna aliyemwambia bibi yuko wapi, na kaburi hakuna.

"Kofia aliimaliza," alisema. "Kila tarehe kumi anaitoa sandukuni, anaifua, anaitia wanga, anaivalisha bakuli ishike umbo. Jioni anairudisha. Hasemi kitu, na sisi hatuulizi."

Mwenzetu mmoja akauliza kwa sauti ya chini, "Kwa hiyo wewe unayapinga Mapinduzi?"

"Mimi nazungumzia kofia."

Hakuna aliyeongeza neno. Nyama tukaila, ilikuwa nzuri. Nilipolala nilimfikiria babu, ambaye kila Desemba alisimulia usiku wake mbele ya wageni na kila mwaka mwanga ukazidi kuwa mkubwa. Tulikuwa tumesoma naye darasa moja mwaka mzima, huyu kijana, na ilibidi nimpeleke mlimani kusherehekea siku yangu ndipo nijue kwamba na yeye ana siku.

Asubuhi tulishuka kwa utelezi, yeye akibeba hema lililolowa. Nikamwita kwa jina lake anisubiri. Aliitika kama kawaida.

Desemba iliyofuata, tarehe 10, nilitaka kumtumia ujumbe. Niliandika maneno mengi, nikayafuta. Nikauliza tu: babu yako alikuwa anaitwa nani?

Alikaa kimya mpaka jioni. Kisha akanitumia majina matatu, la babu, la baba wa babu na la babu wa babu. Chini yake akaandika: "Bibi anauliza ni nani anayetaka kujua."