Fani Iliyoshinda Tarehe

Mwaka 1966 Massimo Vignelli, msanifu mzaliwa wa Milan, aliibunia kampuni ya samani ya Stendig, jijini New York, kalenda ya ukutani yenye upana wa futi 4 na kimo cha futi 3. Haina picha wala pambo. Ina tarakimu nene za Helvetica zilizosongamana, nyeusi juu ya weupe mwezi mmoja, nyeupe juu ya weusi mwezi unaofuata.

Mhakiki aliyezoea kuiona fani kuwa chombo tu cha kubebea maudhui hutatizwa na kazi hii. Maudhui yake ni siku, nazo hupita. Mwezi ukiisha karatasi huchanwa, na tarehe zake hazimfai mtu tena. Hata hivyo wapo wanaoitunza karatasi hiyo na kuifungia zawadi, na Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya jijini humo yameihifadhi kalenda yenyewe. Vignelli alifariki mwaka 2014. Kalenda yake iliendelea kuchapishwa. Yamkini, basi, kilichopendwa tangu awali ni uzito wa wino na mpangilio wa nafasi. Ujumbe ulikufa kila mwisho wa mwezi; chombo kikabaki.