Rubani na Chombo Chake

Wahenga wetu wametuachia methali isemayo: "Mchagua jembe si mkulima." Maana yake si ngumu. Mtu anayesimama ukingoni mwa shamba akigeuzageuza majembe, hili zito, lile jepesi, hili mpini wake mfupi, hana nia ya kulima. Mvua zitampita angali anachagua. Methali hii ni njema, na imewasukuma wengi shambani. Lakini kisu huweza kushikwa kwa mpini au kwa makali, na methali nayo ni vivyo hivyo. Nimeisikia ikitumiwa kumhimiza mvivu, na nimeisikia pia ikitumiwa kumnyamazisha mtu mwenye haki ya kuuliza. Kwa hiyo nataka kuipima mahali ambapo walioitunga hawakupata kufika, yaani angani, katika kazi ya marubani wa kijeshi. Maana huko swali la kuchagua chombo huweza kuwa swali la uhai na mauti.

Huenda msomaji akashangaa kumwona mtunga mashairi akiingilia mambo ya ndege za vita. Sijapata kurusha ndege, wala siombi. Lakini lugha yetu imekwisha kufunga urafiki na kazi hiyo. Neno "rubani" lilikuwa la baharini kabla ya kuwa la angani: rubani alikuwa mjuzi wa njia za maji, aliyekiongoza chombo kipite salama baina ya miamba na mafungu. Neno "ndege" nalo, kabla ya kuwa jina la mashine, lilikuwa jina la kiumbe mwenye mbawa, na tena jina la fali, ya heri au ya shari, inayomkuta msafiri njiani. Wazee wetu walipoiona mashine mpya hawakuikimbia. Waliipa majina ya nyumbani wakaiingiza katika fikira zao. Basi si ajabu nasi tukiitazama kwa hekima ya nyumbani.

Watu wengi hudhani kuwa kijana huingia katika jeshi la anga, akazitazama ndege zilizopangwa uwanjani, akanyoosha kidole na kusema, "Nipeni ile." Sivyo. Tuchukue mfano wa Marekani, nchi yenye ndege za kijeshi za kila namna. Mwanafunzi wa urubani huanza katika ndege ndogo ya mafunzo. Hupimwa kwa mitihani ya darasani, kwa safari anazoruka na mwalimu wake, na kwa mwenendo wake. Siku ya kupangiwa inapokaribia huulizwa anapenda nini, naye huandika orodha ya ndege anazozitamani, ya kwanza hata ya mwisho. Kisha mambo matatu huwekwa katika mizani: matakwa yake, nafasi aliyoshika miongoni mwa wenzake, na mahitaji ya jeshi. La tatu ndilo lenye uzito mkubwa. Iwapo jeshi lina haja ya marubani wa uchukuzi, hata mwanafunzi hodari huenda asiipate ndege ya mapigano aliyoiota.

Hata hivyo, orodha ile haikosi maana, kwa kuwa humfichua mtu. Yuko anayetaka ndege ya mapigano kwa sababu ina kiti kimoja, na moyo wake hupenda kuamua peke yake na kujibu peke yake. Yuko anayetaka ndege kubwa ya mizigo kwa sababu ndani yake mna wenzake, na furaha yake ni kazi ya pamoja. Tena anajua kuwa ujuzi huo utamfaa katika mashirika ya ndege za abiria siku atakapovua sare. Mwingine hutaka helikopta, kwa kuwa hutua pasipo kiwanja, ikamwokoa mtu juu ya paa katikati ya mafuriko. Na wako wanaochagua kwa sababu ya mwalimu waliyempenda, au kituo kilicho karibu na jamaa zao. Sababu hizi si ndogo, kwani binadamu huingia chomboni pamoja na moyo wake.

Lakini kabla rubani hajaulizwa lolote, taifa lake limekwisha kuchagua, au limekwisha kuchaguliwa. Sisi Watanzania tunalifahamu jambo hili katika historia yetu. Mwaka 1964 Ujerumani Magharibi ilikuwa ikitusaidia kuanzisha kikosi cha anga. Baada ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar ukazuka ugomvi juu ya uwakilishi wa Ujerumani Mashariki nchini kwetu, na mwaka 1965 Ujerumani Magharibi ikaondoa msaada wake wa kijeshi. Mwalimu Julius Nyerere hakukubali taifa lichaguliwe marafiki. Ikaja Canada, ambayo iliwafunza wanajeshi wetu mpaka mwaka 1970, na marubani wakajifunza kurusha ndege za Otter na Caribou, ambazo huweza kutua katika viwanja vifupi. Baadaye ikaja China, na kwayo ndege za mapigano. Kijana wa Kitanzania aliyetaka kuruka katika miaka ile alirusha ndege iliyoletwa na msimamo wa nchi yake. Chombo chake kilikuwa pia sehemu ya heshima ya taifa.

Liko na jambo la mwili. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, afisa mmoja wa Jeshi la Anga la Marekani, Gilbert Daniels, alichunguza vipimo vya marubani 4,063. Vyumba vya marubani vilikuwa vimetengenezwa kwa kumkadiria mtu wa wastani, naye akataka kujua ni wangapi walio wa wastani katika vipimo 10, kama vile kimo, kifua na urefu wa mikono. Hakumpata hata mmoja. Fundisho likawa wazi: ukimtengenezea mtu wa wastani, hukumtengenezea mtu yeyote. Tangu hapo ikasisitizwa kuwa viti na vikanyagio viweze kusogezwa vimfuate rubani. Na mwaka 2020 jeshi hilohilo liliondoa kiwango cha jumla cha kimo, ambacho kilikuwa kikiwafungia mlango wanawake wengi. Hapa methali yetu inaanza kuulizwa swali. Ikiwa mkulima asichague jembe, je, mhunzi naye asimtazame mkulima?

Nitaleta sasa mifano miwili ya Vita Kuu ya Pili, inayofanana kwa nje na kutofautiana sana kwa ndani.

Wa kwanza ni wa Urusi ya Kisovieti. Mwezi Oktoba 1941, wakati Wajerumani wakiikaribia Moscow, ilitolewa amri ya kuunda vikosi vitatu vya anga vya wanawake. Aliyepewa kazi hiyo ni Marina Raskova, mwanaanga aliyekuwa mashuhuri kwa safari ndefu ya mwaka 1938. Wasichana walikusanywa katika mji wa Engels, kando ya mto Volga, wakafunzwa. Wengi waliomba ndege za mapigano, kwa kuwa ndizo zilizokuwa na sifa. Raskova aliwapima, akawagawa. Baadhi walipata ndege za mapigano aina ya Yak-1. Baadhi walipelekwa katika kikosi kilichokuja kupewa Pe-2, ndege nzito ya mabomu iliyotaka nguvu za mikono. Na wengine walipewa Po-2.

Po-2 ilikuwa ndege ya mbao na kitambaa, yenye viti viwili visivyo na paa, iliyobuniwa katika miaka ya 1920 kwa ajili ya kufundishia. Wakulima waliitumia kunyunyizia dawa mashambani. Mwendo wake haukuzidi sana kilomita 150 kwa saa. Kama pana jembe ambalo mkulima angeweza kulikataa, ndilo hilo. Lakini wasichana wale walikitazama chombo chao, wakakisoma kama mtu asomavyo tabia ya mwenzake. Kwa kuwa kilikuwa cha polepole, walikirusha usiku. Kwa kuwa kilikuwa chepesi, waliweza kupunguza nguvu ya injini karibu na shabaha na kuteleza kimya, upepo ukivuma katika nyaya za mbawa. Kwa kuwa kilibeba mabomu machache, walirudi kupakia, wakaenda tena, mara nyingi katika usiku mmoja. Kikosi chao kiliruka safari zaidi ya 20,000 mpaka vita vilipokwisha mwaka 1945, na zaidi ya 20 miongoni mwao walipewa nishani ya Shujaa wa Umoja wa Kisovieti. Wajerumani waliwaita "Wachawi wa Usiku." Adui hampi jina la namna hiyo mtu anayemdharau.

Mfano wa pili ni wa Marekani. Kwa miaka mingi jeshi la nchi hiyo lilidai kuwa mtu mweusi hana akili wala moyo wa kurusha ndege. Baada ya madai mengi ya haki, mwaka 1941 mafunzo yalianzishwa huko Tuskegee, katika jimbo la Alabama, lakini kwa kutengwa. Wanafunzi wa kwanza hawakuulizwa wanapenda ndege gani. Walipangiwa ndege za mapigano za injini moja, katika kikosi chao peke yao. Ndege za mabomu, ambazo huhitaji rubani, msaidizi wake, mwelekezaji wa njia na wengineo, zilifungwa kwao hadi lilipoundwa kundi la 477 mwezi Januari 1944; nalo halikufika vitani kabla vita havijakwisha. Marubani karibu 1,000 walihitimu Tuskegee, na walioruka juu ya Afrika ya Kaskazini na Ulaya waliuvunja uongo ule mbele ya macho ya ulimwengu. Mwaka 1948 Rais Harry Truman alitoa amri ya kukomesha ubaguzi jeshini.

Msomaji ataona tofauti. Wasichana wa Engels walipangiwa chombo na mtu aliyewapima mmoja mmoja, naye alikuwa akikabiliwa na haja ya nchi iliyovamiwa. Vijana wa Tuskegee walipangiwa na dharau iliyojivika nguo za utaratibu. Wote walifanya kazi njema kwa chombo walichopewa, na wote wanastahili sifa. Lakini ushujaa wa aliyepangiwa hauwezi kuwa udhuru wa aliyepanga. Tukisema, "Mbona walishinda?" ili kuutetea mgawo mbaya, tunaiba sifa ya mshindi na kumpa aliyemfunga miguu.

Kazi yangu katika utumishi wa umma imenikalisha miaka mingi mbele ya majalada ya watu wanaoomba kazi, wanaoomba uhamisho, na wanaopangiwa vituo wasivyoviomba. Najua kuwa nchi haiwezi kumpa kila mtu orodha yake. Vijiji vya mbali vinahitaji walimu na waganga, na kama kila mmoja angesubiri kituo anachokipenda, watoto wa huko wangekua bila kusoma. Lakini najua pia kuwa ndani ya kila jalada mna mtu mwenye vipimo vyake, wala hakuna hata mmoja aliye wa wastani.

Kwa hiyo naisoma methali yetu kwa pande zote mbili. Kwa mkulima inasema: usiufanye ubaya wa jembe kuwa kisingizio. Kwa mgawaji haisemi kwamba jembe lolote humfaa yeyote. Mhunzi mwema hutazama mkono kabla ya kukata mpini. Nalifupisha jambo hili kwa ubeti mmoja:

Chombo ulichopangiwa, kitunze ukifahamu,
Usilie kuonewa, hali hujashika zamu,
Na wewe unayegawa, pima uwezo na hamu,
Kazi ndiyo husifiwa, si chombo chake adhimu.

Enyi vijana wa sekondari, siku inakuja mtakapojaza fomu na kuandika tahasusi mnazozitaka. Andikeni kwa ukweli wa moyo, si kwa kufuata jina linalong'aa, kwa maana si kila aliyeitamani ndege ya mapigano aliumbwa kwa upweke wake. Mkipata mlichoomba, shukuruni kwa kufanya kazi. Mkipangiwa kingine, kisomeni kwanza kabla ya kukidharau. Huenda ukimya wake ndio nguvu yake. Lakini mkiona mmepangiwa kwa sababu ya kabila, dini, rangi au jinsia, hapo msiite jambo hilo mahitaji ya taifa. Semeni, kwa adabu na bila woga. Nanyi walimu, mnapoketi na mwanafunzi juu ya fomu ile, msimtupie methali ili mmalize haraka. Mtazameni mkono wake.