Dawa ya minyoo bila kupimwa: nilikosea nusu

Kuna video yangu ya mwaka jana ambayo watu bado wananitumia. Ile nimesimama nje ya nasari moja hapa Meru, wiki ya Malezi Bora, watoto wako kwa laini wanatafuna tembe ya minyoo, na mimi naropoka: "Hakuna hata mmoja amepimwa! Mnapeaje mtoto dawa na hamjui kama ni mgonjwa?" Ilienda sana. Sijawahi kupata watazamaji wengi hivyo, na niliringa wiki nzima.

Leo nairudia, juu nusu yake ilikuwa upuzi. Nusu ingine bado nasimama nayo.

Kilichonifanya nifikirie upya ni binamu yangu. Ako na miaka 13, anaishi Embu, upande wa Mbeere. Likizo huwa anaenda kwa anti yetu Mwea, kule kwa mpunga, na wasee wa Mwea mnajua: jua likiwaka, watoto wako ndani ya mfereji. Muhula uliopita akaanza kulia tumbo. Mama yake akaenda kemisti, akaambiwa "hiyo ni minyoo," akapewa albendazoli. Tumbo likarudi. Tembe ya pili. Tumbo tena. Tembe ya tatu, na pesa ya hiyo ya tatu ni mimi nilituma kwa M-Pesa. Mimi yule wa "hakuna hata mmoja amepimwa." Sikuuliza kama amepimwa. Nilituma tu, nikaendelea na siku yangu.

Kisha mama yake akaona damu kwa choo.

Hospitalini binamu yangu alipewa kachupa ka choo kubwa, akakaficha chini ya sweta kama ameiba. Alikataa mara mbili kabla ya kukubali. Majibu yalitoka asubuhi hiyo hiyo: kichocho, ile aina ya matumbo. Yai lake lina mwiba ubavuni, ukiliona kwa hadubini huwezi kulichanganya na lingine. Na hapa ndipo nilinyamaza: albendazoli haiui kichocho. Dawa yake ni prazikwanteli, na hupimiwa kulingana na uzito au urefu wa mtoto. Tembe tatu zote zilikuwa zinapigana na adui ambaye hakuwepo.

Nikamwambia mtu wa maabara kuhusu ile video. "Daktari, si hii inaonyesha nilikuwa sawa? Si wangekuwa wanapima kwanza?"

Akacheka, si kwa ubaya. "Kijana, wewe umechanganya vitu viwili. Mtoto mgonjwa mbele yangu, lazima nimpime. Watoto milioni kadhaa shuleni, nikisema nipime kila mmoja, nitamaliza pesa kabla sijampa hata mmoja dawa."

Hesabu yake ni hii. Kwa zile programu za kutibu watoto wengi pamoja, tembe za albendazoli hutolewa bure na kampuni ya GSK, na dawa yenyewe ni salama hata kwa mtoto asiye na minyoo. Ukijumlisha usafiri, mafunzo ya walimu na kila kitu, bado ni chini ya dola moja kwa mtoto kwa mwaka. Kupima mtoto mmoja kunahitaji hadubini, mtu aliyesomea, na muda. Kwa hivyo hawapimi mtoto, wanapima eneo. Wanachagua shule kadhaa, wanachukua choo cha watoto wachache, na kulingana na majibu wanaamua. Shirika la Afya Duniani limeweka mistari: minyoo ikipatikana kwa asilimia 20 au zaidi, watoto wote wa eneo hilo wapewe dawa mara moja kwa mwaka. Ikifika asilimia 50, mara mbili. Kenya ilianza kutibu watoto shuleni hivi mwaka 2009, ikapanua kazi kutoka 2012, hasa Magharibi, Nyanza, Pwani na sehemu za Bonde la Ufa.

Kwa hivyo wale watoto wa nasari hawakuonewa. Hiyo ndiyo nusu niliyokosea, na pole kwa mwalimu niliyemwelekezea simu usoni.

Sasa nusu ingine.

Kipimo kinachotumika kuamua hayo yote kinaitwa Kato-Katz. Kilianzia Japani mwaka 1954, kikaboreshwa Brazili mwaka 1972. Unachuja choo, unajaza katundu kadogo kwa kibao, unabaki na miligramu 41.7 hivi. Unafunika na karatasi ya selofani iliyolowekwa kwa gliserini, kisha unahesabu mayai kwa hadubini. Yai moja, unazidisha kwa 24 kupata mayai kwa kila gramu. Ni rahisi, bei yake iko chini, na kipande hicho hicho kinaonyesha mchango, mijeledi, safura na hata kichocho cha binamu yangu.

Lakini miligramu 41 ni kitu kidogo sana. Mtu akiwa na minyoo michache, kipande hicho kinaweza kukosa hata yai moja, na ataandikwa hana. Mayai ya safura nayo hupotea kwa ile gliserini. Ukichelewa kusoma zaidi ya saa moja hivi, huyaoni tena.

Mwanzoni hiyo si shida kubwa, juu minyoo ikiwa mingi kipimo chochote kitaiona. Shida ni dawa ikishafanya kazi. Wanaobaki ni wale wenye minyoo michache, na hao ndio Kato-Katz huwakosa. Yaani kadiri tunavyoshinda, ndivyo tunavyoona vibaya. Mtu anaweza kusema imeisha, dawa ikasimamishwa, na baada ya miaka kadhaa tunarudi mwanzo.

Angalia Kwale. Kati ya 2015 na 2017 watafiti walilinganisha kutibu watoto wa shule peke yao na kutibu kijiji kizima, wazee kwa vijana. Majibu yalichapishwa 2019. Kwa shule peke yake, safura ilishuka kutoka asilimia 18.6 hadi 13.8. Kijiji kizima mara mbili kwa mwaka, ilitoka 20.6 hadi 6.2. Tofauti hiyo tunaijua juu maelfu ya watu wa Kwale walikubali kutoa kachupa. Kama wangekaficha chini ya sweta, hakuna mtu angejua kitu.

Kwa hivyo swali langu jipya si "mbona mtoto huyu hajapimwa?" Ni: eneo letu lilipimwa lini mara ya mwisho, na kwa kipimo gani? Hilo muulize MCA wako, uliza afisa wa afya wa kaunti, Meru na Embu pia. Na wakija kuchukua choo shuleni kwenu, toa. Wacha kucheka mwenzako aliyebeba kachupa.

Na kama tumbo linakusumbua na tembe ya kemisti haijasaidia, usinunue ya pili. Nenda upimwe. Waambie pia umeogelea wapi.

Binamu yangu amepona. Likizo inakuja, na anataka kurudi Mwea. Tumemwambia mfereji hapana. Ameitikia vile watoto wa miaka 13 huitikia, kwa hivyo tayari nimeweka pembeni pesa ya maabara.